Uliza Chanzo Kabla ya Bei: Upasuaji wa Fizi na Bima ya Meno Marekani

Mtu anayetaka kupunguziwa ufizi ili meno yake yaonekane vizuri anapotabasamu huanza kwa kuuliza bei, na akishatajiwa bei huuliza kama bima italipa. Wasomaji wanaoishi Marekani, hasa waliohamia miaka ya karibuni kutoka Kongo, Kenya, Tanzania na Burundi, nawashauri wageuze mpangilio huo. Swali la kwanza liwe hili: kwa nini ufizi wangu umefunika meno? Jibu lake, likipimwa na kuandikwa na daktari kabla ya kisu, ndilo linaloamua upasuaji upi unafaa, kama kuna unaofaa, na ni nani atakayeulipia. Wapo wanaolipa maelfu ya dola kwa upasuaji usiotibu tatizo lao. Wapo pia wenye ugonjwa halisi ambao bima imewakatalia kwa neno moja tu, urembo, kwa sababu hakuna aliyeandika chanzo cha ugonjwa huo kwenye karatasi za madai.

Karibu kila mkataba wa bima ya meno nchini humo una kifungu kinachosema kwamba huduma za urembo hazilipiwi. Anayekisoma hudhani kuna upasuaji wa urembo na upasuaji wa ugonjwa, kila mmoja na jina lake. Mambo hayako hivyo. Chama cha Madaktari wa Meno cha Marekani, ADA, kina orodha ya namba ambazo kliniki zote hutumia kudai malipo. Kupunguza ufizi wa meno manne au zaidi yanayofuatana katika robo moja ya kinywa ni D4210. Jino moja hadi matatu ni D4211. Daktari anayempunguzia ufizi bibi harusi mwenye meno mazima na fizi nzima anaweza kuandika namba ileile anayoiandika mwenzake aliyempunguzia mgonjwa wa kifafa ambaye fizi zake zimevimba kwa sababu ya dawa. Kinachowatofautisha ni viambatanisho: vipimo, eksirei, picha, na maelezo ya daktari. Mkaguzi wa bima hajawahi kukuona na hatakuona. Karatasi zisipoonyesha ugonjwa, kwake ugonjwa haupo.

Vipimo hivyo si siri, na mgonjwa anaweza kuvielewa. Kati ya jino na ufizi kuna nafasi ndogo ambayo madaktari huiita mfuko, na katika ufizi wenye afya kina chake ni milimita 1 hadi 3. Bima nyingi, kabla ya kulipia upasuaji, hutaka kuona mifuko ya milimita 5 au zaidi, tena iliyobaki na kina hicho baada ya meno kusafishwa chini ya ufizi na kupimwa upya wiki 4 hadi 6 baadaye. Kurefusha jino kwa kupunguza ufizi pamoja na mfupa, namba D4249, hulipiwa zaidi pale jino lilipovunjika au kuoza hadi chini ya ufizi, kiasi kwamba daktari hana mahali pa kushikiza kofia ya jino. Kazi hiyohiyo ikifanywa kwenye meno mazima ya mbele ili yaonekane marefu, bima huikataa. Kwa mtu ambaye fizi zake zimeshuka na anataka kupandikiziwa ufizi, swali la bima huwa kama mshuko unaendelea na kama ufizi mgumu unaolinda jino umekwisha. Anayeandikiwa tu kwamba jino linaonekana refu asitarajie kitu.

Turudi kwenye chanzo, maana hapo ndipo fedha nyingi hupotea. Tabasamu linaloonyesha ufizi mwingi linaweza kutokana na mambo yasiyohusiana kabisa. Kwa wengine ufizi umevimba kwa sababu ya utando na ukoga. Dawa yake ni kusafishwa na kujifunza kupiga mswaki vizuri, na mara nyingi uvimbe hupungua bila kisu. Kwa wengine meno yalipoota ufizi haukurudi nyuma kama inavyotakiwa, basi jino la kawaida likabaki limefichwa nusu. Hao ndio hasa ambao kupunguza ufizi huwafaa, na wakati mwingine mfupa nao hupunguzwa. Kwa wengine taya la juu lenyewe limerefuka kwenda chini. Kwa wengine mdomo wa juu ni mfupi au unapanda sana wanapocheka. Makundi haya mawili ya mwisho hayasaidiwi na kupunguza ufizi: ukimkata ufizi mtu mwenye taya refu utampatia meno marefu kupita kiasi, na mizizi inaweza kubaki wazi na kuuma kwa maji baridi. Meno mawili ya katikati, juu mbele, kwa kawaida yana urefu wa milimita 10 hadi 11. Yako yakiwa yanafika hapo, tatizo haliko kwenye ufizi, na daktari anayekupa bei ya upasuaji bila kuyapima hajakutendea haki.

Lipo kundi jingine ambalo naliwekea mkazo kwa sababu lina watu wengi wa rika la wazazi wetu, nalo halielezwi vya kutosha. Baadhi ya dawa huufanya ufizi ukue na kulifunika jino. Fenitoini ya kifafa ndiyo inayojulikana zaidi. Huathiri takriban nusu ya wanaoitumia. Siklosporini, wanayopewa waliopandikizwa figo, nayo imo. Na zimo dawa za shinikizo la damu za kundi la nifedipini na amlodipini. Amlodipini huwapata wachache kuliko nifedipini, lakini inatumiwa na watu wengi mno, hivyo hata wachache hao si haba. Mzee wa miaka 58 anayemeza amlodipini kila asubuhi akaona fizi zinapanda juu ya meno, akienda kwa daktari wa meno akasema tu kwamba hapendi anavyoonekana, ataandikiwa urembo. Akitaja dawa, kipimo chake na tangu lini, habari inabadilika: hapo kuna athari ya dawa, mifuko inayokusanya uchafu, fizi zinazovuja damu, na sababu ya kumwandikia daktari wake wa presha kuuliza kama dawa nyingine inafaa. Dawa ikibadilishwa, ufizi unaweza kupungua wenyewe kwa miezi kadhaa. Isipobadilishwa, ufizi uliokatwa unaweza kukua tena, na bima haitapenda kulipa mara mbili. Lakini nasema hili kwa msisitizo wote: usiache dawa ya presha au ya kifafa kwa uamuzi wako. Ufizi uliokua unaweza kungoja; kiharusi hakingoji. Beba orodha ya dawa zako zote kwenda kwa daktari wa meno, na uamuzi wa kubadilisha uache kwa aliyekuandikia.

Kabla ya kuendelea na malipo, kuna wasomaji ambao ningependa waishie hapa na fedha zao mfukoni. Mwaka 1999 Vincent Kokich na wenzake, jimboni Washington, walichapisha utafiti ambao uliwaonyesha madaktari na watu wa kawaida picha za tabasamu zilizobadilishwa kidogo kidogo. Madaktari wa kupanga meno walianza kuona kasoro ufizi ulipoonekana kwa milimita 2. Watu wa kawaida hawakuona kitu hadi ulipofika milimita 4. Maana yake ni kwamba mtaalamu anaweza, kwa nia njema kabisa, kukuonyesha kioo na kukutajia dosari ambayo jirani yako, mwajiri wako na mchumba wako hawajawahi kuiona. Na liko suala la rangi. Fizi nyeusi au zenye mabaka ya kahawia ni hali ya kawaida kwa watu wenye asili ya Afrika. Ni rangi ileile iliyo kwenye ngozi, si ugonjwa wala uchafu. Senegali na Ethiopia wako wanawake wanaochanjwa fizi makusudi ziwe nyeusi zaidi, kwa sababu huko ndiko kupendeza. Siku hizi kliniki nyingi hutangaza kuziondolea fizi rangi kwa kisu au kwa mwale wa leza. Bima hailipii, na rangi mara nyingi hurudi baada ya muda. Mtu mzima ana haki ya kuamua juu ya mwili wake, ila aamue akijua kwamba hakuna kinachotibiwa.

Sasa bima yenyewe. Wengi wetu tunaichukulia bima ya meno ya Marekani kama bima ya afya, kwamba janga likiwa kubwa nayo italipa zaidi. Inafanya kinyume. Bima hizi zilianza mwaka 1954 kwenye pwani ya Pasifiki, kwa makubaliano ya chama cha wafanyakazi wa bandari na waajiri wao kuhusu matibabu ya meno ya watoto, na tangu mwanzo shabaha yake ilikuwa kusafisha, kuziba na kuzuia. Kuhusu kiasi inachotoa kwa mwaka, kikomo cha dola 1,000 kilikuwa cha kawaida katika miaka ya 1970, na hadi leo mipango mingi iko kati ya dola 1,000 na 2,000 ingawa bei za matibabu zimepanda mara nyingi. Bima ya afya hukuwekea ukomo wa unachotoa wewe. Bima ya meno hujiwekea ukomo wa inachotoa yenyewe. Anayelijua hilo hawezi kuingia kwenye upasuaji akidhani kadi aliyonayo itambeba.

Tufanye hesabu kwa mfano. Tuseme upasuaji ni dola 2,400, mpango wako unakutaka utoe dola 50 kwanza, kisha unalipa nusu ya kazi kubwa, na kikomo cha mwaka ni dola 1,500. Ukiondoa 50 zinabaki 2,350, na nusu yake ni 1,175. Lakini mwaka huo ulishasafishwa meno na kuzibwa jino, na bima ikalipa 400. Kwa hiyo kwenye kikomo zimebaki 1,100 tu. Bima italipa 1,100, wewe 1,300. Hapo ni pale ilipokubali kwamba ni ugonjwa. Ikisema urembo, utalipa 2,400 zote. Kama daktari anaona hakuna hatari kungoja, upande mmoja wa kinywa unaweza kufanywa Desemba na mwingine Januari, ili vikomo viwili vya mwaka vitumike. Huo ni utaratibu halali na kliniki nyingi huufahamu, ila usipouuliza huenda usitajiwe.

Kutokana na hesabu hiyo utaona pia kwa nini siwashauri watu kununua bima kwa ajili ya upasuaji mmoja. Mipango mingi ya watu binafsi huweka muda wa kusubiri wa miezi 6 hadi 12 kwa kazi kubwa. Ukilipa dola 40 kwa mwezi, mwaka wa kusubiri ni 480, na mwaka wa pili ni 480 nyingine. Jumla 960 ili upate 1,175 za mfano wetu, kikomo kikiwa hakijaguswa, na iwapo tu madai yatakubaliwa. Faida ni dola 215 zilizojaa masharti. Nunua bima ya meno kwa sababu unataka kusafishwa mara mbili kwa mwaka na kuzibwa meno mapema, na hasa ikiwa mwajiri anachangia. Usafi huo una maana kubwa kuliko watu wanavyodhani: takwimu za afya za Marekani za mwaka 2009 hadi 2014 zilionyesha kwamba takriban asilimia 42 ya watu wenye miaka 30 na zaidi walikuwa na ugonjwa wa fizi uliofika kwenye mfupa. Anayetaka fizi nzuri aanze kwa kuhakikisha hayumo humo, kwa sababu kupunguza ufizi kwa ajili ya sura juu ya ugonjwa ambao haujatibiwa ni kazi itakayoharibika.

Mwenye bima afanyeje, basi? Akishajua chanzo, amwombe daktari apeleke kwa bima maombi ya makadirio kabla ya upasuaji. Ndani yake ziwemo namba za huduma, chati ya kina cha mifuko kwa kila jino, eksirei, picha za rangi, historia ya dawa na magonjwa, tarehe ya usafishaji wa chini ya ufizi na matokeo yake, na aya moja inayosema kwa maneno ya wazi ugonjwa ni upi na usipotibiwa nini kitafuata. Hiyo aya ndiyo wengi huikosa. Kliniki yenye wagonjwa wengi hutuma namba na eksirei tu, na majibu huja ya kukataa. Makadirio yanayorudi si ahadi kamili ya kulipa, kwa sababu kikomo kinaweza kuisha au ajira kukatika kabla ya siku ya upasuaji, lakini yanakuonyesha bima inaliona tatizo lako kama nini wakati bado hujakatwa. Na usikubali maneno ya mapokezi kwamba bima yako huwa inalipa. Karatasi unayotia saini siku hiyo husema kwamba kisicholipwa na bima utalipa wewe, na mahakama itasoma karatasi, haitasikiliza ulichoambiwa kaunta.

Madai yakikataliwa, soma sababu. Bima inayopitia kwa mwajiri binafsi kwa kawaida iko chini ya sheria ya shirikisho iitwayo ERISA, ambayo inakupa siku 180 za kukata rufaa na haki ya kupewa bila malipo nakala za nyaraka zilizotumika kukukatalia. Omba nakala hizo kwanza. Mara nyingi utakuta chati haikufika, au tarehe ya usafishaji haikuandikwa, au dawa haikutajwa. Rufaa inayoongeza karatasi mpya ina nguvu. Ile inayorudia kwamba unaumia na unaona aibu, hata ikiwa kweli tupu, haimpi mkaguzi kitu cha kubadilisha uamuzi. Kwa bima uliyonunua mwenyewe, kila jimbo lina ofisi inayosimamia bima na kupokea malalamiko bure.

Hapa huja hoja ambayo husemwa kwa sauti ya chini: kwa nini daktari asiandike tu kuwa ni ugonjwa? Bima zinachukua fedha zetu kila mwezi, nasi tuna haki ya kurudishiwa. Naelewa uchungu ulio nyuma ya maneno hayo, lakini jibu langu ni hapana. Kubuni kina cha mfuko, kubadilisha tarehe au kuandika ugonjwa usiokuwepo ni udanganyifu wa bima, na ni kosa la jinai. Kwa asiye raia hatari ni kubwa zaidi, kwa kuwa hukumu ya udanganyifu inaweza kuathiri hadhi yake ya uhamiaji kwa miaka mingi. Tena eksirei na picha hubaki kwenye faili, na ni rahisi kuziomba na kuzilinganisha. Daktari anayejitolea kukudanganyia bima leo hana sababu ya kukuambia ukweli kesho kuhusu unachohitaji.

Wengine watasema nimewatetea wenye ugonjwa na kuwasahau wanaotaka tu kupendeza, ilhali nao wana maumivu yao. Msichana anayefunika mdomo kwa kiganja kila anapocheka, au kijana anayekosa ujasiri kwenye usaili, hawaigizi. Nakubali kabisa. Kutaka tabasamu unaloliridhia hakuhitaji ruhusa ya mtu. Ila bima ni mfuko wa wengi ulioandikiwa masharti, na masharti hayo hayabadilishwi na ukubwa wa hamu yetu. Anayejua tangu mwanzo kwamba analipa mwenyewe ana nguvu asiyokuwa nayo anayetegemea bima: anachagua daktari, anachagua wakati, na anaweza kujadiliana bei. Tangu 1 Januari 2022 sheria ya shirikisho inamtaka mtoa huduma, daktari wa meno akiwemo, ampe anayelipa mwenyewe makadirio ya maandishi ya gharama yote. Bili ikizidi makadirio kwa dola 400 au zaidi, una siku 120 za kuanzisha malalamiko rasmi. Omba makadirio hayo kwa maandishi kwenye kliniki mbili au tatu, na uhakikishe yamejumuisha ganzi, ziara za kuangalia kidonda na marekebisho, si kukata pekee.

Vyuo vikuu vyenye shule za udaktari wa meno hutoza kidogo kuliko kliniki binafsi, na kazi hufanywa na madaktari walio masomoni chini ya macho ya mabingwa. Huchukua muda mrefu, lakini upimaji wao huwa wa kina. Vituo vya afya vya jamii vinavyopewa fedha na serikali kuu hupunguza ada kulingana na kipato, na vingi vina kitengo cha meno, ingawa kazi yao ni ugonjwa kwanza na si sura. Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, kwa watu wazima ni suala la kila jimbo: mengine hulipia matibabu mapana, mengine hulipia dharura tu kama kung'oa jino. Kwa walio chini ya miaka 21 sheria ya shirikisho ni nzuri zaidi, kwani kinachohitajika kitabibu lazima kilipiwe, na kijana ambaye fizi zake zimevimba juu ya waya za meno au kwa dawa ya kifafa aombewe kwa msingi huo. Na kliniki inayopokea fedha za Medicaid inatakiwa kukupa mkalimani bila malipo. Usimweke mwanao wa miaka 12 atafsiri maelezo ya upasuaji na mkopo. Atakosea, na saini ni yako.

Kuhusu HSA na FSA, akaunti za kuwekea fedha za matibabu ambazo hazikatwi kodi, watu wengi hudhani chochote kinachofanywa na daktari kinaruhusiwa. Sheria ya kodi, kifungu cha 213, inaondoa upasuaji wa urembo isipokuwa unarekebisha kasoro ya kuzaliwa, jeraha la ajali au ugonjwa ulioharibu umbo. Mwaka 2003 mamlaka ya kodi ilitoa uamuzi kwamba hata kung'arisha meno hakumo. Fedha za HSA zikitumika kwa urembo kabla hujafika miaka 65, unatozwa kodi ya kipato na adhabu ya asilimia 20 juu yake. Ufizi uliokua kwa dawa, au mifuko yenye ugonjwa, ni habari nyingine, na hapo ile aya ya daktari niliyoisema hukusaidia mara ya pili. Itunze nakala yake pamoja na risiti.

Kinachonitia hofu kuliko vyote ni mkopo wa kaunta. Kliniki hukupa fomu ya kadi ya matibabu na kukuambia hakuna riba kwa miezi 12. Kwenye nyingi ya kadi hizo riba haikufutwa, imeahirishwa: ukibakisha hata kidogo siku muda unapoisha, unadaiwa riba yote tangu siku ya kwanza. Chukua dola 3,000 kwa riba ya asilimia 27, ukalipa 240 kila mwezi bila kukosa. Baada ya miezi 12 umelipa 2,880, zimebaki 120, na unaona umefanya vizuri. Riba itakayoangukia juu yako ni kama dola 450. Desemba 2013 ofisi ya serikali inayolinda watumiaji wa huduma za fedha iliiagiza GE Capital, iliyokuwa na kadi ya CareCredit, irudishe hadi dola milioni 34.1 kwa wateja, kwa kuwa wengi walisajiliwa kliniki bila kuelezwa vizuri juu ya riba hiyo iliyoahirishwa, wakati huo asilimia 26.99. Ukilazimika kuitumia kadi ya namna hiyo, gawanya deni lote kwa miezi iliyopo ukitoa mmoja: 3,000 kwa 11, yaani dola 273 kila mwezi. Kama huwezi kutoa kiasi hicho, huwezi kumudu upasuaji huo mwaka huu. Upasuaji wa sura unaweza kungoja. Deni halingoji.

Inabaki hoja ya kwenda nyumbani: kwamba Nairobi, Mombasa au Dar es Salaam wako mabingwa wazuri kwa gharama ndogo, na safari ya likizo ipo tayari. Kwa urembo wa wazi ambao bima ya Marekani isingelipia kwa vyovyote, hoja hii ni ya busara, na siwezi kuipinga kwa kudharau madaktari wetu. Pingamizi langu liko kwenye kalenda. Kidonda cha ufizi hufunga kwa wiki moja au mbili, lakini mstari wa ufizi hutulia baada ya miezi, hasa mfupa ulipoguswa, na asiyetosheka na matokeo atakuwa ameshapanda ndege. Kwa hiyo fanya siku za mwanzo za likizo, usingoje wiki ya mwisho. Hakikisha jina la daktari limo kwenye sajili ya baraza la nchi husika, ambalo Kenya ni KMPDC na Tanzania bara ni Baraza la Madaktari Tanganyika. Muulize maswali yaleyale: chanzo ni nini, meno yangu yana urefu gani, mfuko una kina gani, mfupa uko wapi. Ikiwa una kisukari au unavuta sigara, mwambie, kwa sababu vyote viwili huchelewesha kupona. Na kabla ya kuondoka, chukua chati, eksirei za kabla na baada, na maelezo ya kilichofanywa, kwa Kiingereza. Mshono ukilegea au ufizi ukianza kuvimba wiki tatu baada ya kurudi, daktari wa Marekani atakayekupokea atahitaji kujua mwenzake alikata nini na aliacha nini.